Mke Mwenza wa Kaburini

Mwanamke aliye hai ukimwonea wivu, unajua pa kumpata. Utamvizia sokoni, utamsema kwa mashoga zake, siku uvumilivu ukikuishia utamfuata mlangoni mmalizane. Aliyekufa utamfanya nini? Hazeeki, hanenepi, hanuni, haunguzi chakula. Kila mwaka mimi naongeza kunyanzi usoni, yeye anaongeza sifa. Kwa hiyo mkisikia watu wanasema Sindano ana wivu mpaka na maiti, msibishane nao. Ni kweli, na nina sababu zangu.

Sindano ni mimi. Jina hilo nilipewa kwa ajili ya cherehani. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya mdomo, nao siwakatalii. Lakini ninayetaka kumweleza ni mume wangu, maana mtaani wanamtaja sana bila kumjua. Wanamwita Fundi Zege. Anamwaga zege kwenye kalibu za mbao na kutoa masinki ya kufulia, nguzo za uzio na misalaba ya makaburi. Misalaba ndiyo inayotulisha. Karakana yake iko uani, chumba changu cha cherehani kiko mbele kinatazama barabara, jiko liko katikati. Kutwa nzima mimi nasikia koleo lake na yeye anasikia mashine yangu, na mmoja akinyamaza mwenzake anakwenda kuangalia kulikoni.

Ni mpole kupita kiasi, na upole wake ndio unaoniudhi. Ukimgombeza anatikisa kichwa taratibu, utadhani unamwelekeza njia ya kwenda posta. Viganja vyake vimeliwa na saruji, kikombe anakishika kwa mikono miwili, na kila jioni nampaka mafuta mimi. Kazi hiyo sijawahi kumwachia mtu. Msalaba ukishatoka kwenye kalibu anaufunika kwa magunia mabichi na kuumwagilia maji asubuhi na jioni mpaka ukomae, hata mteja akae mlangoni anapiga miguu. "Zege linataka maji, halitaki maneno," anamwambia. Akisema hivyo mimi najua na mimi nimesemwa.

Nilimpata akiwa mgane. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevuka umri ambao shangazi zangu waliuita wa kuolewa, nimeshazoea kulala katikati ya kitanda. Mke wake wa kwanza nilimfahamu, tulikuwa kanisa moja na kwaya moja. Yeye alisimama mstari wa mbele na sauti ya kwanza, mimi nyuma na sauti ya pili, kwa hiyo nilichokifahamu zaidi ni kisogo chake. Alifariki kwa uzazi, na mtoto naye hakukaa. Watu walisema mama na mtoto wamekwenda pamoja, tukamwimbia, tukarudi majumbani. Nilipoolewa ndipo nikagundua kwamba kumbe hakwenda popote.

Kila mtu alimtaja. Jirani akija kupima gauni atasema, "Marehemu alikuwa na mkono wa chai." Wifi yangu akija kutusalimu atakitazama kiti changu na kusema, "Marehemu hiki alikuwa anakiweka dirishani." Nikakihamishia jikoni, kisipate nafasi ya kwenda dirishani tena. Mume wangu peke yake hakumtaja, na huko kutomtaja kuliniuma kuliko maneno ya hao wote. Kilichomtoka mtu moyoni hakimpi shida kukitaja. Na mimi mtoto sikujaliwa, tulizunguka hospitali tukachoka. Hapo napo marehemu alinipita, yeye alizaa hata kama hakulea.

Nilipokuwa bado bibi harusi, nikifagia stoo ya karakana, niliokota msalaba mdogo wa zege, mrefu kama futi moja. Ulikuwa umelainishwa kuliko ile mikubwa, na nyuma yake kulikuwa na kishimo, mtu amebonyeza kidole gumba saruji ikiwa mbichi. Nikamuuliza mume wangu ni wa nani. Akautazama kidogo, akasema, "Sampuli tu." Basi nikauchukua. Meza yangu ya kukatia iko karibu na mlango, upepo wa barabarani unapeperusha vitambaa, nikawa naukandamizia. Ukiushika, gumba lako linaingia lenyewe kwenye kile kishimo. Kila asubuhi niliupangusa vumbi kabla ya kutandaza kitambaa cha kwanza, na wateja wa kanisani kwetu wakanisifu kwamba nakata nguo chini ya msalaba.

Kanisani mume wangu alikuwa haendi. Aliacha tangu msiba ule, nikadhani ni majonzi, nikajiapiza kumrudisha mimi. Aliyeniwahi ni fundi umeme mmoja, mtu wa kitambi na kicheko, aliyekuja kutengeneza taa za karakana. Alikaa siku nzima kwa kazi ya saa moja. Wiki iliyofuata akarudi bila ngazi, wakaongea uani mpaka magunia yakakauka, jambo ambalo mume wangu hakuwahi kuliruhusu. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba yule ni askofu wa kanisa lao. Nikauliza, askofu gani anapanda ngazi na bisibisi mdomoni? Mume wangu akanieleza kwamba kwao hakuna anayelipwa, kila mmoja ana kazi yake na Jumapili anahudumu. Haukupita muda akabatizwa huko, akanunua shati jeupe, na akaacha chai, kwao ni marufuku.

Kuacha chai ndiko kulikonipandisha mori. Marehemu alinywewa chai yake mpaka ikawa hadithi ya mtaa mzima, yangu ikaja kukatazwa na fundi umeme.

"Kwa hiyo sasa wewe ni Mmormoni," nikamwambia, nikimwekea maji ya moto matupu.

"Hatupendi kuitwa hivyo. Sema Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho."

"Jina lote hilo, mpaka nilimalize si maji yamepoa?"

"Basi sema Mkristo. Inatosha."

"Mkristo wa wapi? Mna kitabu chenu cha ziada, mna manabii wenu, na msalaba hamuweki hata juu ya paa."

"Tunamfuata Yesu. Jina lake limeandikwa pale mlangoni."

"Na duka la kona limeandikwa Maziwa Freshi, ukiingia unakuta sabuni."

Akacheka mpaka akakohoa. Mtu unayegombana naye akicheka, unabaki na ugomvi wako mikononi hujui uuweke wapi.

Habari zikaenea. Mzee mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa ameagiza misalaba kwa ajili ya makaburi ya ukoo wao, akaja kuvunja oda. Alisimama uani na kofia yake kifuani, akasema msalaba wa Mkristo utengenezwe na Mkristo.

"Mzee, mimi ni Mkristo," mume wangu akamjibu.

"Sisi hatukutambui."

"Sawa. Na ule wa baba yako nilioutengeneza mwaka wa mvua nyingi, huo nao utang'olewa?"

Mzee akavaa kofia yake akaondoka. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni nimeshika ndoo ya maji ya vyombo. Nilikubaliana na mzee neno kwa neno, na hapo hapo nikatamani kummwagia ile ndoo. Mume wangu ni wangu kumsema, yeye nani kampa ruhusa?

Sasa nifike kwenye lenyewe. Jioni moja nampaka mafuta, nimemaliza mkono wa kulia nimeushika wa kushoto, akasema ana jambo la kuniomba. Akaanza kunieleza habari za hekalu lao, liko mbali, ni safari ya kupanda ndege. Huko mume na mke wanaunganishwa moja kwa moja, kifo hakiwatenganishi. Na waliokufa nao wanaweza kuunganishwa.

"Nataka kuunganishwa na marehemu na mtoto," akasema. "Lakini kwetu mke aliye hai lazima aridhie. Askofu atakuja akusikie mwenyewe."

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu, marehemu.

"Na mimi?"

"Na wewe, siku ukitaka kujiunga. Hakuna kitakachonifurahisha kama hicho."

"Niwe wa pili."

Akatazama kopo la mafuta.

"Yaani uke wenza nilioukataa duniani, nikaufuate mbinguni? Huku chini angalau ningekuwa na kwetu pa kurudi. Huko nikinuna nitakwenda wapi?" Kisha nikakumbuka jambo. "Na yeye si amekufa, atasimamaje?"

"Dada mmoja wa kanisani atasimama kwa niaba yake. Kwanza atabatizwa kwa niaba yake, halafu hilo la ndoa. Na mwenyewe huko aliko ana hiari ya kukubali au kukataa."

"Kumbe na mwanamke wa kusimama naye mmeshapata."

Nikafunika kopo la mafuta nikaenda kulala. Mkono wa kushoto niliuacha vile vile, mkavu.

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Mchungaji wetu amefundisha mara nyingi kwamba ndoa mwisho wake ni kaburini, mbinguni hakuna bwana wala bibi. Nikamwambia mume wangu kwamba mambo yao ni upepo, si ya Kikristo, hayana nguvu. Akanijibu kwa upole wake ule ule, "Kama ni upepo, niridhie, utapita. Kama si upepo, basi tuzungumze." Na mimi nikikosa jibu nina neno langu moja, nikamwambia wewe si Mkristo. Nilimwambia asubuhi, nikamwambia mchana nikipeleka chakula uani. Hilo ndilo neno pekee lililomfanya ainue macho kwenye zege, na mimi nilikuwa nayataka hayo macho, hata yakija na maumivu.

Nikaona peke yangu siwezi, nitafute mtu wa kunisaidia kukataa. Mama yake marehemu yupo, anakaa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mikate. Mtaani wanamwita Bibi Miwani. Mume wangu hakuacha kumtembelea, Jumamosi zote yuko huko, mara anaziba bomba, mara anapiga lipu ukuta, nami nilikuwa nimekaza moyo nisiulize. Nikawaza, huyu mama ni mtu wa kanisa letu tangu utoto wake. Akisikia wanataka kumbatiza mwanawe upya kaburini atawaka moto, na mkwewe hatamweza. Nikajifunga kitambaa, nikaenda.

Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Leo umekuja bila kutumwa."

Nikakaa. Nikamwambia sikutaka alisikie barabarani. Wanataka kumbatiza mwanao upya, wamfanye Mmormoni akiwa kaburini, kisha wamfungishe ndoa na mwanamke mwingine amesimama mahali pake. Nikakoleza inavyotakiwa. Yeye akaendelea kutoa vijiwe, anavitupa mlangoni kimoja kimoja.

"Ameshaniambia," akasema.

"Amekwambia?" Roho ikaniuma, kumbe nilikuwa wa pili hata katika kuambiwa.

"Alikuja kuniomba. Nikamwambia mimi si wa kuombwa kwanza. Una mke nyumbani, nenda kamuulize mkeo."

Nilikuwa nimekwenda pale nimejiandaa kumchukia kidogo yule mama, na neno lile likanipokonya fimbo. Hata hivyo sikushindwa kirahisi.

"Lakini mama, mwanao alibatizwa, akaimba kwaya, akafa Mkristo. Tumwachie tu?"

"Mwanangu alikufa Mkristo, kweli." Akaweka ungo chini. "Na mtoto wake alikufa nani?"

Sikumwelewa. Nikamwambia mtoto si alikwenda na mama yake.

"Nani kakwambia? Watu hupenda kufupisha. Mama alikwenda Jumatatu, mtoto akabaki mpaka Ijumaa. Nilimshika mimi hapa, kwa mikono hii. Ubatizo ulipangwa Jumapili. Mchungaji wa wakati ule, si huyu wetu wa sasa, akasema asiyebatizwa hazikwi pamoja na Wakristo, wala hawekewi msalaba. Akazikwa kule mwisho kwenye uzio, wanakotupa maua yaliyonyauka. Mumeo alikuwa amemtengenezea msalaba mdogo, akaja nao amefunga kwenye shuka la mtoto. Mzee wa kanisa akamsimamisha getini, akamwambia hiyo ni alama ya Mkristo. Akageuka nao kwapani. Mtu ambaye misalaba ya makaburi yale yote imepita mikononi mwake."

Nje magari ya mikate yalikuwa yanapakia, makreti yanagongana. Yeye akasubiri kelele zipite.

"Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani kwetu. Sasa hawa wapya wamemwambia mtoto mdogo hana haja ya ubatizo, yuko salama kama alivyo. Ila ili awe wa baba na mama yake milele, baba na mama lazima waunganishwe kwanza. Ndicho anachokitafuta huko. Wewe unataka niseme kama hao ni Wakristo au si Wakristo. Sijui, mwanangu. Yule aliyefunga geti nilimwita Mkristo maisha yangu yote, kwa hiyo siku hizi naogopa kugawa majina."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimelala na yule mwanaume miaka yote hiyo, nikiupima mzigo wake kwa macho tu na kuuona mwepesi.

"Ule msalaba mdogo sijui aliupeleka wapi," Bibi Miwani akasema, akichukua tena ungo wake. "Alikuwa ameubonyeza kidole kwa nyuma, saruji ikiwa mbichi. Alisema mtoto awe na alama ya baba yake."

Sikumbuki niliagaje. Nakumbuka nimefika nyumbani, mteja ananisubiri na sketi ya kupunguza, nikamwambia aje kesho. Nikauchukua msalaba mezani, nikapita jikoni mpaka uani. Mume wangu alikuwa anamwagilia magunia.

"Hii ni sampuli ya nini?"

Akaweka ndoo chini. Akanitazama mimi, kisha msalaba, kisha tena mimi.

"Mama amekwambia."

"Kwa nini umeniacha miaka yote nakandamizia vitambaa vya watu? Nimekatia suruali za walevi. Nimekatia mapazia ya baa. Na wewe unapita hapo mlangoni unaona, unanyamaza."

"Nilitaka kukwambia siku ile ile," akasema. "Kisha asubuhi yake nikakuona unaupangusa. Na kesho yake tena. Nikasema moyoni, kule kwenye uzio nani angempangusa vumbi? Hapa ana mtu wa kumshika kila siku." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ulikuwa unamshika vizuri. Nikaogopa nikikwambia utaacha."

Nililia, na sioni haya kusema. Lakini msidhani wivu uliniacha hata dakika moja, ulikuwepo pale pale ndani ya machozi. Nilikuwa nawaza kwamba marehemu alikwenda Jumatatu, huenda hata hakupata kumpakata mtoto wake. Mimi ndiye niliyemshika, kila asubuhi, gumba langu kwenye gumba la baba yake. Hapo ndipo nilipomshinda yule mwanamke kwa mara ya kwanza, na ushindi wenyewe ukaniuma kuliko kushindwa kote.

"Mngeniambia," nikamwambia. "Ningejua ninamlea nani."

Akanishika bega. Nilipotulia nikamwambia tukauweke makaburini kesho, mchungaji wa sasa ni mtu wa kuelewana naye, hawezi kukataa.

"Kwetu hatuweki msalaba," akasema polepole. "Hatuukatai, ila si desturi yetu. Na kule walikosema hapana, sitaki tena kwenda kuomba."

"Kwetu walikataa, kwenu hamuweki."

"Ndivyo."

"Basi ni wangu. Unabaki mezani."

Akatikisa kichwa kama kawaida yake. Safari hii haikuniudhi.

Askofu alikuja mwisho wa wiki, ametoka kazini, nyaya zinachungulia mfukoni. Alikaa kwenye kile kiti nilichokihamishia jikoni, mfuko wa vifaa magotini. Akasema hakuja kunishawishi, amekuja kunisikia. Nikisema hapana ni hapana, na hakuna wa kunilaumu.

"Askofu, nikuulize. Mimi kwako ni Mkristo?"

"Bila shaka, dada."

"Wewe kwangu bado sijajua."

Akacheka. "Nitangoja."

"Naridhia," nikasema. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, nikamwona anashika fremu. "Kwa ajili ya mtoto. Huyo mama yake naye apite, maana bila yeye mlango haufunguki. Lakini nina masharti. Nasikia huko hekaluni mnavaa nyeupe tupu. Nguo za huyu mume wangu zisinunuliwe wala zisiazimwe, nitazishona mimi."

"Hilo halina tatizo kabisa."

"Na huyo dada wa kusimama kwa niaba, awe mtu mzima. Mzee mzee hivi."

Askofu akamtazama mume wangu, mume wangu akatazama dari. Nadhani walicheka baadaye, huko nje, na wacheke tu.

Kanisani kwetu haikupita Jumapili mwenyekiti wa akina mama akanivuta pembeni, na wenzake wawili nyuma yake. Akasema wamesikia nimemruhusu mume wangu mambo ya ajabu, na wao kama dada zangu wana wajibu wa kunionya. Yule si Mkristo, akasema, na mimi ninayajua hayo kuliko wao.

"Nayajua," nikamwambia. "Kumwambia si Mkristo ni kazi yangu, nimeifanya asubuhi na jioni na sijaomba msaidizi. Siku nikichoka nitawaita. Kwanza nendeni kule kwenye uzio wa makaburi mkaniletee jina la aliyelala pale. Mkinipa jina lake la Kikristo, nami nitawapa la mume wangu."

Hawakunielewa. Waliona nimechanganyikiwa kwa sababu ya ndoa, wakaniombea hapo hapo. Niliwaachia, maombi hayamdhuru mtu.

Mimi sijajiunga na kanisa lake na sitajiunga. Nikifa sijui huko nitakaa na nani. Nimemuuliza mchungaji wangu, ameniambia nisiwe na wasiwasi, na hilo si jibu. Wakati mwingine mchana, mashine ikiwa imenyamaza, nawaona huko juu watatu, yeye na sauti yake ya kwanza, mume wangu na viganja vyake vimepona, na mtoto katikati. Mimi niko nyuma, naona visogo. Roho inaniuma hadi naacha kazi nasimama.

Kitambaa cheupe nilinunua kile kizito kisichoonyesha mwili. Nilimpima mume wangu mwenyewe kiuno na mguu, amesimama katikati ya chumba hapumui, nikamwambia apumue, huko hekaluni si atakula akashiba? Kisha nikakitandaza mezani. Siku hiyo upepo wa barabarani ulikuwa mkali na kitambaa kikaanza kuinuka pembeni. Nikaupangusa msalaba, nikauweka juu yake, gumba langu mahali pake, nikachukua mkasi. Siku hiyo watakayounganishwa mimi sitakuwepo, sikualikwa na sina pa kusimama. Lakini suruali atakayoivaa baba yake nimeikata mimi, na mtoto ndiye aliyenishikia kitambaa.